Malkia wa Nyuki na Kioo Kilichopinda

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema kuliko zote mwaka huu. Bosi ametuita kwenye chumba cha mikutano, ambacho pia ndicho chumba cha chai, akatangaza kwamba mchezo wetu wa kompyuta, ule wa nyuki wanaokusanya maua, unahitaji sura ya malkia. Uso mzima, unaomtazama mchezaji, kwenye miraba sitini na nne kwa sitini na nne. Kila mraba pikseli moja. Wachoraji tuko wawili: mimi na jirani yangu wa meza ya pili, tunayemwita Taratibu. Atakayeleta malkia bora Ijumaa ndiye mkuu wa wachoraji.

Taratibu akauliza kama Ijumaa inaweza kusogezwa mbele. Mimi nikasema Jumatano. Watu wote wakageuka kunitazama. Raha iliyoje!

Siri yangu ni kioo. Ndivyo tunavyoiita zana moja kwenye programu ya kuchorea: unachora upande mmoja wa uso, na upande wa pili unajichora papo hapo. Taratibu haigusi. Huweka pikseli mojamoja kwa mkono, kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele.

Haraka yangu ina sababu nyingine. Mama mkwe amekuja kukaa nasi wiki mbili, na jana mezani nilimwambia kwamba mimi tayari ni mkuu wa wachoraji. Mke wangu akanitupia jicho ninalolijua. Lakini si uongo. Ni ukweli uliowahi kufika.

Jumanne, 4 Machi

Kioo kimepata wazimu.

Jicho la kushoto la malkia limebanana na pua. La kulia limesogea nje pikseli moja. Shavu la kushoto limegusa ukingo wa picha, la kulia limeacha mstari mtupu, mwembamba kama uzi. Ukitazama haraka, huoni kitu. Ukitazama vizuri, malkia anaonekana kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa barabarani.

Nimefunga programu na kuifungua. Nimezima kompyuta na kuiwasha. Nimebadilisha kipanya. Nimefuta uso na kuuchora upya mara nne. Mara nne pikseli ileile!

Saa tisa alasiri nikapata jibu. Hujuma. Ni Taratibu. Ushahidi: leo asubuhi amenisalimia mara mbili.

Mpango umekamilika kichwani. Kesho nahamia kwenye kompyuta yake, ambayo kwa vyovyote hakuiharibu, na yeye abaki na uchafu wake.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwambia Taratibu kwamba namhurumia macho yake, kwa hiyo aje kwenye meza yangu ya dirishani apate mwanga, mimi nitavumilia kona yake. Akakubali palepale. Akanishukuru mpaka nikaona aibu kidogo. Kidogo tu.

Nikahamisha faili langu, nikakaa, nikawasha kioo. Pikseli ileile! Kumbe mjanja ameharibu kompyuta zote mbili, hata yake, ili asishukiwe. Nimeanza kumheshimu.

Tatizo ni kwamba yeye, kule kwenye mwanga wangu, anasonga mbele vizuri sana.

Saa kumi bosi akaja kudai ahadi ya Jumatano. Nikamwonyesha. Akainamisha kichwa kushoto, akainamisha kulia. Akauliza kwa nini malkia amepinda. Nikamweleza kwamba si kosa, ni historia yake: aliumia vitani. Bosi akauliza vita gani, maana mchezo mzima ni wa kuchuma maua. Sikuwa na vita tayari. Akasema nina mpaka Ijumaa kama mwenzangu, na kwamba asiyeweza kunyoosha uso mmoja hawezi kuongoza chumba.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Mama mkwe akaniuliza wachoraji wangu hawajambo. Nikasema hawajambo, ila wanahitaji kusimamiwa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeomba kufanyia kazi nyumbani, nikisingizia tumbo. Sebuleni mama mkwe alikuwa anatarizi kitambaa cha meza, waridi jekundu katikati, mishono midogo ya msalaba. Alishona vitambaa vya namna hiyo miaka thelathini, akawasomesha kwa kazi hiyo watoto wanne, mmoja wao mke wangu. Mimi upande wa pili wa meza, nafuta na kuchora. Nadhani niliguna mara nyingi, kwa sababu aliweka sindano chini, akaja kusimama nyuma yangu.

Akatazama skrini. Kisha akauliza, "Mwanangu, hapo una miraba mingapi kutoka huku mpaka huku?"

Nikamwambia sitini na nne.

"Na katikati ni upi?"

Nikamwambia wa thelathini na mbili, na nikashangaa mtu mzima kuuliza jambo kama hilo. Akaniambia nihesabu iliyobaki kushoto kwake, halafu iliyobaki kulia. Nikahesabu kwa kidole kwenye skrini. Kushoto thelathini na mmoja. Kulia thelathini na miwili.

Nikahesabu tena. Haikubadilika.

"Sitini na nne haina mraba wa katikati," akasema. "Katikati yake ni mshono, kati ya mraba huu na huu. Wewe umekunja kitambaa juu ya mraba, utapataje pande sawa?"

Nikafungua mipangilio ya kioo. Mstari wake ulikuwa umekaa juu ya mraba wa thelathini na mbili. Nani aliuweka pale? Nikakumbuka Jumatatu, nilipokuwa nafungua faili hili, niliuvuta mwenyewe kwa sababu niliona unapendeza zaidi pale. Nao ukahifadhiwa ndani ya faili, na faili nikalibeba mpaka kwa Taratibu.

Nikausogeza nusu pikseli, ukakaa kwenye mshono. Mashavu yakalingana! Macho bado. Mama mkwe akaomba aione kalamu. Nikamwonyesha: ya pikseli mbili. Akasema sindano nene haijui inatoboa wapi. Nikaweka ya pikseli moja, nikachora macho upya. Yakatulia.

Malkia akanitazama moja kwa moja. Nilikaribia kusimama.

Mama mkwe alirudi kwenye waridi lake. Akauliza, bila kuinua kichwa, kama mkuu wa wachoraji huwa hahesabu. Nikamjibu kwamba ninao watu wa kunihesabia.

Ijumaa, 7 Machi

USHINDI!

Bosi alizirusha sura zote mbili ukutani kwa projekta, kubwa kama mlango. Malkia wa Taratibu alikuwa mzuri, siwezi kukana, mwenye macho ya huruma. Lakini kipapasio chake cha kulia kilizidi kwa pikseli moja, na nilikuwa wa kwanza kuliona kosa hilo na wa kwanza kulisema. Bosi akashika rula, akapima wangu. Juu, chini, pembeni. Sawa kila mahali. Akasema malkia wa mchezo ndiye huyu, na kuanzia leo mimi ni mkuu wa wachoraji.

Wakati huohuo mlango ukafunguliwa. Mama mkwe, na chakula changu nilichosahau mezani. Akasikia makofi, akauliza kuna nini. Mtu akamwambia nimefanywa mkuu.

"Leo?" akasema mama mkwe.

Bosi akanitazama. Nilitamani kuingia ndani ya ukuta, nijifiche nyuma ya malkia. Mama mkwe akanitazama pia, kisha akaweka chakula mezani na kusema, "Hongera, mwanangu. Nilijua mapema." Bosi akacheka, mimi nikacheka zaidi yake.

Kisha nikaeleza jinsi nilivyogundua siri ya mshono. Mama mkwe alinisahihisha mara tatu. Taratibu akaandika kila neno lake, akamwomba awe anapita kutukagulia kazi. Akakubali. Kwa hiyo siku yangu ya kwanza ya ukuu nimeshaongeza mtumishi.

Nimerudishiwa dirisha langu.

Jumatatu, 10 Machi

Kazi ya kwanza ya uongozi: saa kubwa ya mnara wa mzinga, ili mchezaji ajue muda umekwenda kiasi gani. Taratibu ameomba siku tatu. Nimemwonea huruma. Nikamwambia bosi itakuwa tayari kesho kabla ya chai, na awaalike wageni wake waione moja kwa moja, hakuna haja ya kukagua.

Mama mkwe aliuliza kama nataka aitazame kwanza. Nikamwambia apumzike. Hesabu nimeshaimaliza mwenyewe: mstari wa kioo uko kwenye mshono kabisa, kalamu ni ya pikseli moja. Safari hii hakuna kinachoweza kuharibika.

Na saa ni duara, rahisi kuliko uso. Kesho nitaandika namba za kulia tu, kuanzia moja mpaka tano. Za kushoto kioo kitajaza chenyewe.