Mkoromo Ndani ya Kumbukumbu Namba Saba

Jumatatu, 6 Mei

Ushindi! Kazi ya wiki nzima nimeimaliza kabla ya chai ya saa nne. Maabara yetu inakiuzia chuo cha ufundi mashine sita za kupimia umeme. Sheria inasema kila mashine ifutwe kumbukumbu zake zote kwanza, maana ndani mna vipimo vya siri vya wateja. Kila moja ina fomu yake: nathibitisha kuwa nimefuta. Sahihi, tarehe, muhuri.

Bi Kitabu alikuwa ameitengea kazi hii siku nne. Ni fundi mwenzangu. Tunamwita hivyo kwa sababu hawezi kuwasha hata feni bila kusoma kitabu cha maelezo. Mimi nimetumia dakika ishirini na nne. Naizima mashine, nahesabu mpaka kumi, naiwasha, naizima tena, natia sahihi. Umeme ukikatika, mashine husahau. Nani asiyejua hilo?

Bi Kitabu, inaonekana. Alikuja na flashi yake akasema, kwa ule upole wake unaoudhi, kwamba kumbukumbu nyingine hazifi kwa kuzimwa. Kwamba kabla ya kufuta lazima unakili, maana ukifuta vibaya mashine inapoteza namba zake za usahihi, zile zinazoifanya ipime sawasawa. Kwamba mashine hizi za zamani hazinakili kipande, zinanakili vyote. Akaketi, akanakili zote sita. Nikamwambia: dada yangu, kunakili kitu kinachotakiwa kufutwa ni sawa na kuoga halafu ukarudia nguo chafu. Hakucheka. Alifungia flashi kwenye droo yake, na mashine stoo. Funguo zote anazo yeye.

Ijumaa Mkuu wa maabara atatangaza msimamizi mpya. Tuko wawili tu: mimi, fundi mwandamizi wa miaka kumi na mmoja, na yeye. Mama watoto nimeshamwambia kwamba nafasi nimeipata. Kusema mapema kidogo si uongo.

Haya yote nayaandika humu, kwenye kompyuta kuukuu ya maabara. Daftari la nyumbani mama watoto alilisoma, tukanuniana wiki mbili. Humu faili linaitwa "Vipuri vya feni". Nani atalifungua?

Jumanne, 7 Mei

Nimekwisha.

Saa nane na robo mchana. Nimekaa nakunywa maji, nawaza kiti changu kipya. Nyuma ya ukuta wa mbao Mkuu akaanza kukoroma, kama kawaida yake akishashiba. Mkoromo wake una hatua tatu: unapanda, unakwama, unaporomoka. Nikatabasamu. Halafu tabasamu likanikauka.

Miaka miwili iliyopita, siku moja isiyo na kazi, nilibandika kipaza sauti kwenye ukuta ule, nikakiunga kwenye osiloskopu kubwa, ile mashine inayoonyesha umeme na sauti kama mawimbi kwenye kioo. Nikaurekodi mkoromo. Nikauhifadhi kwenye kumbukumbu namba saba, nikauandikia na kichwa cha habari. Maabara nzima ilicheka mpaka machozi. Na osiloskopu ile ni mojawapo ya zile sita!

Nikajituliza. Si niliizima? Si nilihesabu? Nikafanya jaribio kwa mashine ndogo ya mezani kwangu. Nikahifadhi wimbi, nikazima, nikahesabu mpaka kumi, nikawasha. Wimbi liko pale pale. Nikahesabu mpaka mia. Pale pale. Nikachomoa waya ukutani, nikaenda msalani, nikarudi. Pale pale!

Fomu sita. Sahihi sita, zote zangu. Na Mkuu ametuambia leo kwamba Ijumaa mwalimu wa chuo atakuja kuziwasha moja moja mbele yake. Hapa si suala la usimamizi tena. Mtu hufukuzwa kazi kwa jambo kama hili. Naogopa, sitaficha.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi la Mkuu nimelisikia, nimelirekodi kabisa, na guu linavunjika vilevile.

Jumatano, 8 Mei

Jana nyumbani mambo yaliharibika zaidi. Mama watoto ameshamwambia mama yake. Mama mkwe anakuja Jumamosi kunipongeza. 

Mchana nilikimbilia kwa shemeji, kaka wa mke wangu, fundi simu. Sikumweleza yote. Nikasema nina rafiki ana mashine. Akasema rafiki yangu atumie sumaku. Sumaku hufuta kila kitu, yeye mwenyewe ilimfutia kadi ya benki. Akang'oa moja kwenye spika mbovu, kubwa kama sahani ya chai. Nikaificha tumboni, ndani ya shati, nikarudi kazini kifua mbele.

Nikamwambia Bi Kitabu anifungulie stoo, nimesahau miwani humo. Akasema miwani umeivaa, kaka. Nikasema ile nyingine. Alinitazama, akafungua, akasimama mlangoni.

Stoo yetu ina rafu za chuma. Hilo sikulifikiria. Nilipopita karibu tu, tumbo langu likaruka, likanasa kwenye rafu. Nikajivuta. Wapi! Nikasimama nimeikumbatia rafu kama ndugu aliyerudi kutoka mbali. Bi Kitabu akauliza kama naumwa. Nikasema tumbo. Si uongo! Akanionea huruma, masikini, akaenda kunitafutia maji.

Nikavua shati haraka, nikaibandua sumaku kwa mikono miwili, nikaipitisha juu ya osiloskopu mara kumi, mara moja kwa kila kumbukumbu. Nikawasha. Kioo chake ni cha chogo, kama cha TV za zamani. Pembe moja ilikuwa imegeuka zambarau. Na kumbukumbu namba saba? Iko palepale, nzima, mkoromo unapanda, unakwama, unaporomoka, sasa kwa rangi ya zambarau.

Kufuta moja peke yake haiwezekani. Kitufe cha kufutia moja moja kilikufa mwaka juzi kwa chai. Chai yangu.

Bi Kitabu akarudi na glasi. Alinikuta kifua wazi, shati mkononi, nimekumbatia sumaku. Akaweka glasi chini, akasema nikimaliza nirudishie mlango mwenyewe. Akageuka, akaenda zake. Hapo ndipo ninapomwogopa.

Alhamisi, 9 Mei

Mungu si Athumani! Mkuu mwenyewe ameniamuru nikafute vumbi mashine kabla ya mgeni kuja. Bi Kitabu akanipa ufunguo mkononi. Mimi, ufunguo, kitambaa, na mlango uliofungwa.

Nilikuwa nimekumbuka kitu. Fundi wa kiwandani alipokuja zamani, nilimwona akibana vitufe viwili pamoja huku anaiwasha osiloskopu, ikafunguka orodha ya siri. Mwishoni mwa orodha palikuwa na maneno mawili matamu: futa yote. Nikabana. Orodha ikafunguka! Mashine ikaniuliza kama nina uhakika. Ndiyo. Ikauliza tena kama nina uhakika kweli. Kwani wewe ni mama mkwe? Ndiyo!

Namba moja mpaka kumi, tupu. Namba saba, tupu. Nililia kidogo, nikajifuta na kile kitambaa cha vumbi. Nimefunga stoo nikipiga mluzi. Bi Kitabu akauliza kama zimetakata. Nikamwambia, dada, zimetakata kuliko unavyodhani.

Baadaye. Heri nisingerudi kuangalia. Kwa nini nilirudi? Furaha tu. Nilitaka kuiona tena ikiwa tupu. Nikaipimisha betri ya volti tisa, kwa mazoea. Ikasoma thelathini na moja. Nikabadilisha betri. Thelathini na moja. Nikaigusisha waya zenyewe kwa zenyewe, pasipo na umeme wowote. Ikasoma ishirini na mbili.

Futa yote maana yake yote. Namba za usahihi zimekwenda na mkoromo. Sasa si mashine, ni kisanduku cha zambarau kinachobahatisha.

 Mpango wa kesho: betri zisipatikane. Nimekusanya betri zote za maabara, nimezitia kwenye begi langu. Mwalimu atapima nini?

Ijumaa, 10 Mei

Mwalimu alikuja na betri yake.

Mashine tano zilipita salama, tena bila mtu kufungua kumbukumbu. Kila moja ilinitoa jasho la ndoo. Mkuu alikuwa mchangamfu, ananisifia kwa mgeni, anasema huyu ndiye fundi wangu mwandamizi, kazi ya siku nne yeye kaimaliza asubuhi moja. Bi Kitabu amesimama nyuma, amekumbatia kitabu. Ya sita ikawashwa. Mwalimu akauliza kuhusu ule urujuani wa pembeni. Nikasema ni urembo. Akaunga betri.

Thelathini na moja.

Mkuu akakunja uso. Mwalimu akageuza betri, akaisoma, akaipima tena. Nikajua nikinyamaza nimekufa. Hapo nikakumbuka flashi! Msimamizi wa kweli huonekana wakati wa matatizo. Nikajikohoza, nikamgeukia Bi Kitabu kwa sauti ya mkubwa: dada, si una nakala? Irudishe hapa hapa, mgeni asicheleweshwe.

Akasogea, akaninong'oneza kwamba hilo tukalifanye pembeni. Kwamba nakala ile hairudishi namba za usahihi peke yake, inarudisha vyote. Kichwa changu kilikuwa hakisikii. Nilimwona Mkuu ananitazama, nikamwona mama mkwe yuko njiani. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: rudisha vyote!

Akarudisha.

Mashine ikalia mlio mmoja mzuri. Betri ikasoma tisa. Mwalimu akapiga makofi. Halafu mashine, kwa hiari yake, ikafungua rekodi ya mwisho kuhifadhiwa. Wimbi likapanda, likakwama, likaporomoka. Juu yake kwa herufi kubwa: MKUU USINGIZINI, SAA NANE NA ROBO. Chini kwa herufi ndogo: imehifadhiwa na fundi mwandamizi.

Fundi mwandamizi wa maabara hii ni mmoja.

Mwalimu hakuelewa, bwana wa watu. Alilisifia sana lile wimbi. Akauliza ni la pampu au la jenereta, maana ni nadra kuona injini inayokwama hivyo na bado inafanya kazi. Akaomba lisifutwe, litawafaa wanafunzi wake.  Mkuu alichukua fomu yangu juu ya boksi, akaisoma: nathibitisha kuwa nimefuta. Akatazama kioo. Akasoma tena. Laiti angefoka. Alinirudishia tu fomu, akasema kwa sauti ya chini kwamba kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akilala vizuri kwa sababu aliamini mimi niko macho.

Sikujua niangalie wapi. Nilitamani ardhi inimeze na fomu zangu sita.

Bi Kitabu ndiye msimamizi. Na ndiye aliyeniombea nisifukuzwe. Alimwambia Mkuu kwamba kosa linarekebishika, siri ya mteja haijatoka nje ya jengo. Hata mkoromo, baada ya mwalimu kupewa chai, aliufuta kwa kufuata kitabu. Ilimchukua saa tatu. Nilimshikia tochi.

Jumatatu, 13 Mei

Mama mkwe alikuja Jumamosi na kitambaa cha suti.  Nikasema nafasi ile ya usimamizi nimeiacha, nimekabidhiwa kitengo changu mwenyewe, Kitengo cha Ufutaji. Akanibariki. Si uongo: kuna mashine thelathini na nane za kufuta, zile tano za chuo zikiwemo, na kitengo kizima ni mimi. Mama watoto alinitazama kwa jicho lile, akaenda jikoni. Ananijua. Hilo liliniuma kuliko fomu.

Lakini nimebadilika. Mtu akianguka anajifunza. Sasa mimi ni mtu wa utaratibu.

Leo asubuhi Bi Kitabu amekuja na orodha mpya. Kompyuta hii kuukuu inahamishiwa mezani kwa Mkuu kesho, ya kwake imeharibika. Ameniomba niisafishe mafaili yangu yote, akanipa kitabu cha maelezo. Kurasa arobaini! Nikamshukuru sana, nikamwambia dada, niachie.

Kitabu nimekiwekea kikombe cha chai juu. Fomu nimeshaitia sahihi. Ikifika saa kumi naizima, nahesabu, naiwasha, basi; hii ni kompyuta, si osiloskopu. Na kwa sababu makosa yamenifunza, safari hii sihesabu mpaka kumi. Nahesabu mpaka ishirini.