Habari ya Msiba Iliyomrudia Bi Fatu

Jamani, leo nimeaibika. Tena msibani!

Alfajiri Bi Somoe amefariki. Mimi ndiye balozi wa nyumba kumi, kutoa habari ni kazi yangu. Tangu tuhamie kijiji hiki cha ujamaa nimeweka utaratibu (na kujisifia nimejisifia): mimi namwambia Bi Fatu, Bi Fatu anamwambia Mohamedi, Mohamedi anayemfuata, hadi nyumba ya mwisho kule kwenye mikorosho, kwa Mzee Likanga. Huyo ni kaka wa marehemu, tumbo moja. Amri yangu fupi: ukiambiwa, usiulize, mwambie wako.

Nikamwambia Bi Fatu, nikaenda kuchimba kaburi. (Balozi naye huchimba, msidhani.) Nikiinua macho barabarani, Mohamedi huyo, mbio. Baada ya muda, Mohamedi tena, mbio. Nikawaambia wenzangu, "Mnaona watu wangu wanavyowajibika?"

Adhuhuri ikafika, kaka mtu haonekani. Tukangoja. Maiti haicheleweshwi, tukazika.

Tuliporudi msibani watu wakaanza kunong'ona. Nami na mdomo wangu huu! Nikasimama: "Mtu anapelekewa habari mapema, anashindwa kuja kumzika dada yake! Undugu gani huo?"

Bi Fatu akainua kichwa mkekani. "Balozi, mimi habari hiyo nimeambiwa mara tatu. Nikadhani wamekufa watatu."

Watu wakacheka. Msibani! Mimi jasho.

"Nani kakwambia tena?"

"Saidi."

Saidi, wa nyumba ya tatu toka mwisho, anatakiwa kupeleka mbele, si kurudisha nyuma! Akainama. "Balozi, nyumba inayofuata ni ya mama mkwe. Nikambishie hodi mkwe wangu alfajiri? Nikaona heri nimpe Bi Fatu, mwanamke mwenzake, ampelekee."

Bi Fatu hakuuliza aipeleke kwa nani (amri yangu!). Akaenda kwa Mohamedi wake, Mohamedi kwa wake, mpaka kwa Saidi, na Saidi akarudi kwa Bi Fatu. Habari imezunguka asubuhi nzima. Mama mkwe hakuambiwa, na Mzee Likanga anayemfuata hakuambiwa.

Na aliyempanga Saidi amwambie mkwewe ni nani? Mimi. Palepale nikabadilisha: Saidi atamwambia Mzee Likanga, Mzee Likanga ndiye aende kwa mama mkwe. Safi kabisa. Ila kwa leo, wa kwenda ni mimi.

Mzee Likanga nimemkuta anaosha ming'oko, vile viazi vya porini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, balozi. Karibu. Nimetoka porini sasa hivi. Dada ana hamu ya ming'oko, jioni nampelekea."

Akaitazama miguu yangu, udongo mtupu.

"Mmemzika nani leo?"

Nimelia kabla sijamjibu. Akaelewa, akakaa chini.

Mkishindwa kujizuia, nichekeni mimi. Mzee Likanga mwacheni. Kijiji kizima kimemzika dada yake isipokuwa yeye.