Miaka Yangu Arobaini ya Kazi

Kijiji cha Mugutha,
Ruiru.
Tarehe 3 Desemba, 1958

Kwa Bwana Bedan Kagwe,
Karani Mkuu, Kiwanda cha Mikebe ya Mananasi,
Thika.

Mheshimiwa Bwana Kagwe,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshakunywa chai na umekaa. Mimi ni yule msichana wa kidato cha pili aliyeleta karatasi ya kuomba kazi ya likizo, ya kubandika lebo kwenye mikebe. Karatasi hiyo ilirudishwa shuleni kwetu ikiwa na neno MWONGO kwa wino mwekundu. Siandiki kwa hasira. Hasira niliimaliza Jumamosi nikifua. Leo nina malalamiko tu, na nimeyapa nambari ili usihangaike.

1. Neno lenyewe. Umeliandika juu ya jina langu, kubwa hivi kwamba mpishi wa shule amelisoma akiwa mlangoni. Mwalimu Mkuu amesema lisipofutwa na mkono uleule ulioliandika, hatanipa barua ya tabia njema, na bila barua hiyo chuo cha wauguzi hakitanichukua mwakani. Nimetaka kuwa mkunga tangu nikiwa mdogo. Hilo linaniuma kuliko habari ya mikebe, nasema wazi.

2. Hesabu yako. Penye "Umri" niliandika miaka kumi na saba, na penye "Kazi ulizofanya" niliandika miaka arobaini. Wewe ukatoa, ukaona kwamba nilianza kazi miaka ishirini na mitatu kabla ya kuzaliwa, ukaweka alama tatu za kuuliza. Sioni cha kushangaza. Mimi ni binti wa kwanza wa Gichuru, kwa hiyo nimepewa jina la mama yake, Wamboi, na kwetu anayepewa jina ndiye mwenye jina. Baba huniita mama. Babu huniita mke wake, na chumvi ikizidi hunilaumu mimi hata kama sikupika. Mara moja baba alinichapa kwa kuvunja chungu, nyanya akamtoza mbuzi kwa kumpiga mama yake mzazi. Mbuzi alitolewa, akachinjwa, na mzee wa kanisa akala mguu. Sasa, Bwana, ikiwa mimi ni nyanya siku ya kula mbuzi, nitaachaje kuwa nyanya siku ya kuomba kazi? Tena mwalimu wetu alituonya tusiache nafasi yoyote tupu.

3. Watoto sitini na wawili. Najua hapa ndipo ulipompigia Mwalimu Mkuu simu. Niliandika, "Nimezalisha watoto sitini na wawili, na wote walilia vizuri." Sikusema nimewazaa. Nyanya ni mkunga anayejulikana kutoka hapa mpaka Murera, na wawili kati ya watoto hao wanamenya mananasi kiwandani kwako. Waulize. Niliandika pia kwamba nimeuza viazi vitamu stesheni ya Ruiru na kusuluhisha magomvi tisa ya mipaka ya mashamba. Sidhani kama umewahi kupata mbandika lebo wa namna hiyo.

4. Wadhamini. Niliweka wawili: Mama Ndunge, mchuuzi wa maembe kutoka ng'ambo ya Thika, na nyanya. Mama Ndunge ulimwacha. Nyanya ulimkata kwa mstari, ukaandika kando kwamba mtu hawezi kujidhamini mwenyewe. Hapo, Bwana, nilikaa chini. Juu ya karatasi umekataa kwamba mimi ni yeye, ili uninyime kazi. Chini ya karatasi umekubali kwamba mimi ni yeye, ili uninyime mdhamini. Naomba uchague moja. Nitangoja.

5. Heshima. Ukichagua kwamba mimi ni yeye, basi nina miaka sabini na mmoja, na wewe kwa kukadiria hujafika hamsini. Pale dirishani uliniambia "wewe msichana, sogea". Nimekusamehe. Lakini nikija kuanza kazi itafaa usimame na unipe kiti chenye mgongo. Na kwa kuwa mtu wa umri wangu hafai kuchoshwa, nitaomba kustaafu kabla ya shule kufunguliwa Januari, kwa sherehe ndogo, chai na mkate wa siagi, na hotuba yako fupi kuhusu utumishi wangu wa muda mrefu. Mimi pia nitasema machache.

Ombi langu ni dogo. Chukua kalamu ileile, ulikate neno lile, uandike kando yake "Nilikosea," na upige muhuri. Ukifanya hivyo nitakuombea kanisani kwa jina lako kamili.

Nisalimie akina mama wote wa kumenya, na askari wa lango. Zaidi ya wote nisalimie tarishi wako, Bwana Makau, ambaye alileta karatasi yangu shuleni ameikunja ili neno lile lisionekane njiani. Babu, baba na mama wote wanakusalimu.

Ni mimi mtumishi wako mtiifu, na kwa miaka, mama yako,

Idah Wamboi Gichuru

Baada ya sahihi: Nimemsomea nyanya barua hii kabla ya kuifunga. Amefurahi sana, akaniambia niisome tena, kisha akauliza inakwenda kwa nani. Nilipotaja jina lako aliniambia nichukue kalamu tena. Anauliza kama wewe ndiye yule Kagwe mwembamba aliyekuwa nyapara kwenye shamba la kahawa hapa Ruiru mwaka 1936, aliyemwaga kahawa ya nyanya chini akisema ameichuma mbichi, naye nyanya akamvika debe kichwani mbele ya wachumaji wote, likakwama mpaka akaitwa fundi wa bati. Anauliza pia kama sikio lilipona. Bwana Kagwe, huyo alikuwa yeye. Mimi mwaka huo nilikuwa sijazaliwa.