Kifua cha Ewesit

Jumatatu, 2 Juni

Nimemwona mwanangu Ewesit bila shati. Kifua kimevimba. Si misuli, misuli naijua, nimeilisha mwenyewe kwa mayai na maziwa tangu aanze kubeba vyuma. Hii nyama ni laini, imechongoka kama ya msichana. Dada yangu alianza na uvimbe hapo hapo, na tulimzika kule kwetu Leparua.

Mtoto anasema si kitu. Eti homoni ya kike imezidi mwilini, wenzake wa jimu wamemwambia kuna vidonge vya kuizuia. Na Jumamosi ni mashindano ya misuli! Nimeshaambia mtaa mzima wa Chechelesi atashinda. Hata kanisani nilisimama nikatangaza.

Mungu, usinichukulie huyu.

Jumanne, 3 Juni

Kwa Abdighani wa duka la dawa. Amekataa kuniuzia vile vidonge. Hizo ni za karatasi ya daktari. Nikasema basi ni zangu. Akauliza naumwa na nini. Nikasema homoni ya kike imenizidi.

“Mama,” akasema, “kwa umri wako ungeshukuru.”

Ikabidi niseme ni za Ewesit. Hapo akaacha kucheka. Akasema watu wa misuli huulizia zinki, na vidonge vya kabichi, hizo anaruhusiwa kuuza bila karatasi. Lakini hajui kama zinasaidia, na kifua cha namna hiyo kionwe na daktari kwanza. Akaongea sana. Mimi nimeshika la maana: zinki na kabichi.

Vyake sikununua. Vidonge vidogo kama mbegu za sukuma. Mtoto wangu ni mkubwa.

Jumatano, 4 Juni

Kabichi za Mutwiri wa sokoni, sufuria nzima, bila mafuta. Ewesit amekula asubuhi, mchana, jioni. Ni mtoto mtiifu, hakuna kama yeye. Jioni amerudishwa kutoka jimu mapema. Hakuna aliyeweza kupumua humo ndani.

Kifua bado.

Kwenye mfereji wa maji, Hawo ameniuliza mbele ya watu, “Mama Ewesit, huyo wako ananyonyesha lini?” Hawo ni mama yake Roble, naye anashindana Jumamosi. Nikamjibu aende akampe Roble wake chakula, miguu ni kama ya kuku. Wamama wakacheka. Mimi pia nilicheka. Lakini nilisahau ndoo chini ya mfereji mpaka maji yakamwagika.

Alhamisi, 5 Juni

Nimepata zinki! Duka la dawa za mifugo, imo ndani ya chumvi ya ng'ombe. Imeandikwa kwa pakiti, nimesoma mwenyewe. Muuzaji akauliza nina ng'ombe wangapi. Nikasema mmoja, dume, mzuri sana, tena ana adabu.

Hakuna wa kuniambia chumvi ya ng'ombe ni mbaya. Nimekua na ng'ombe. Umewahi kuona dume wa kulamba chumvi akiwa na matiti?

Nimekoroga kwa uji. Ewesit akasema uji una mchanga. Nikamwambia kunywa.

Ijumaa, 6 Juni

Ametapika tangu alfajiri. Midomo kavu, macho yamezama. Mwili mkubwa vile umelala sakafuni kama gunia. Nimemwita kwa jina lake la utotoni, hakuitika mara moja. Sijawahi kuogopa hivyo.

Tumefika hospitali kwa pikipiki. Kwenye benchi, nani? Hawo na Roble, na Roble amevaa koti kwa jua hili. Nikaangalia kifua cha Roble. Hawo akaangalia cha Ewesit. Hatukusalimiana. Halafu Hawo akasogea, nikakaa.

Daktari ni msichana mdogo lakini mkali. Ewesit akakubali: kuna mtu wa jimu anawadunga sindano za misuli, yeye na Roble. Daktari akasema mwili unageuza hiyo dawa iliyozidi kuwa homoni ya kike, ndiyo kifua kikavimba. Amekishika, si ule ugonjwa wa dada yangu. Nililia pale pale.

Waache sindano, warudi awaangalie. Halafu akauliza huyu wangu amekula nini mpaka tumbo likachafuka. Nikasema uji. Akauliza uji na nini. Nikamwonyesha pakiti. Akaisoma, akaweka chini polepole.

“Mama, usimpe tena dawa yoyote kutoka duka lolote. Umeelewa?”

Nimeapa. Hawo shahidi.

Jumamosi, 7 Juni

Mashindano yamepita. Kijana wetu amelala, anakunywa maji. Kikombe kimeenda kwa mtu mwembamba wa kuuza miraa. Ewesit akiwa mgonjwa bado ni mzuri kumshinda yule.

Jumatatu, 9 Juni

Ameamka, amekula. Nimemshukuru Mungu kwa magoti. Lakini bila sindano atapungua! Nimeona mkono, tayari ni kama wa mwalimu.

Nimepita soko la mifugo. Muuzaji mmoja pale, Wario, ana dume, kifua kama mlango wa ghala. Nikauliza anamlisha nini. Mashudu ya pamba, basi.

Hiyo si dawa. Ni chakula. Na Wario hana duka, anauzia chini ya turubai. Daktari hakukataza turubai.

Nimebeba gunia. Hawo ametuma mtu kuomba nusu.