Nyota Tatu kwa Hoteli ya Mama Kinya

Mwalimu Kailemia (mstaafu),
Hoteli ya Mama Kinya, meza ya karibu na mlango,
Nchiru, Meru.

Kwa Msimamizi wa Nyota,
Pataduka,
Huko mtandaoni.

Kwako Msimamizi Mheshimiwa,

KUH: ALAMA ZINAZOGAWIWA KAMA NJUGU

Pokea salamu za Nchiru, ambako mvua imenyesha vizuri na maharagwe yametoa maua. Sisi sote ni wazima, isipokuwa katika jambo hili ninaloliandikia.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, niliyestaafu baada ya miaka thelathini na minne ya chaki. Nilifundisha Kiswahili na Hisabati, na katika miaka hiyo yote sikumpa mtoto yeyote arobaini kwa arobaini katika insha. Aliyekaribia ni msichana mmoja, Nelius, niliyempa thelathini na sita, na hata hizo nilizitoa nikiwa na homa. Leo yeye ni muuguzi na bado hunisalimia kwa mikono miwili. Wanafunzi wangu waliijua kanuni tangu darasa la nne: alama zote ni za Mungu, zinazofuata ni za mwalimu, na wewe mtoto gombania zilizobaki.

Sasa nieleze. Mke wangu Cicily, ambaye hapa kila mtu humwita Mama Kinya, ana hoteli ya mabati mkabala na hosteli za wanafunzi wa chuo. Kwa miaka mingi wateja wake walikuwa walinzi wawili na watu wa bodaboda. Mwezi wa Aprili binti yetu Kinya alikuja nyumbani akasema, "Mama, watoto wa siku hizi hawatafuti chakula kwa pua, wanatafuta kwa simu." Akaisajili hoteli kwenye hiyo programu yenu ya simu, Pataduka. Akapiga picha chapati, akapiga picha sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe yakionekana, akaandika saa za kufungua na nambari ya simu, kisha akazunguka nje mara tatu mpaka alama ya ramani ikatoka kwenye zizi la ng'ombe la jirani ikakaa juu ya paa letu. Kusema ukweli, ilifanya kazi. Kufikia Juni meza mbili zilikuwa tano, na Mama Kinya alikuwa amemwandika msichana aitwaye Winrose wa kumsaidia kukanda unga. Nilimsikia mke wangu akiimba jikoni. Ilikuwa imepita miaka sijamsikia akiimba popote ila kanisani.

Ndipo simu yangu ikaniuliza: "Ulikula hapa. Ulipaonaje?" Msimamizi, mimi nikiulizwa swali hujibu. Nilichukua karatasi nikagawa alama: usafi moja, ladha moja, adabu moja, kuwahi moja, umbo moja. Nikakata nusu hapa na nusu pale kwa haki, zikabaki nyota tatu. Kisha nikaandika: "Chapati ni laini ila si mviringo kamili. Githeri inaridhisha. Chai huchelewa. Mama ameonyesha maendeleo na anaweza kufanya vyema zaidi akitia bidii." Na kwa kuwa mimi si mtu wa kujificha, nikatia sahihi: Mwalimu Kailemia, mume wa mwenye hoteli.

Tatu kwa tano ni asilimia sitini. Enzi zangu mtoto akipata sitini alichinjiwa kuku. Kwa hiyo nashangaa sana kwa yaliyofuata, na ndiyo haya ninayolalamikia.

1. Nyota zinatolewa na watu wasiojua kusahihisha. Kabla yangu wanafunzi kumi na mmoja walikuwa wametoa tano tano, wote, bila hata mmoja kuonyesha hesabu yake. Mmoja aliandika "moto sana." Nini hicho, chakula au hali ya hewa? Mwingine hakuandika neno lolote, alichora moyo. Huyo kwangu angerudia kazi yote wakati wa mapumziko.

2. Maoni yangu, kwa sababu ndiyo pekee yenye sentensi kamili, mliyaweka juu kabisa mkayaita "yenye manufaa zaidi." Nilifurahi siku moja. Siku ya pili wanafunzi waliyasambaza hosteli zote wakisema, "Hata bwanake amempa tatu!" Jamani! Hakuna aliyefika kwenye "anaweza kufanya vyema zaidi." Hayo ni maneno ya kutia moyo, nimeyaandika kwenye ripoti za watoto mara elfu, na hakuna mzazi aliyewahi kumhamisha mtoto kwa sababu yake. Sasa meza tano zimekuwa mbili tena, na mlinzi mmoja naye haonekani. Mama Kinya amemwambia Winrose kwamba mwisho wa mwezi huenda wakafunga.

3. Wateja wamehamia kwa Lennox, kijana wa ng'ambo ya barabara anayeuza smoki, zile soseji za kuchoma, na ana televisheni. Lennox ana nyota tano kamili. Nikachunguza. Mmoja wa waliompa ni mama yake mzazi, aliye Ishiara, ambaye hajakanyaga Nchiru hata siku moja. Nilitafuta nambari yake nikampigia. Akaniambia, "Mwalimu, huyo ni mtoto wangu. Ulitaka nimpe ngapi?" Nikamwambia hiyo si hoja. Hoja ni kwamba huo ni wizi wa mtihani.

4. Kipengele hiki nimekifuta. Kilimhusu mchungaji wangu, urefu wa mahubiri yake, na nyota mbili. Ameshakuja nyumbani.

5. Nilipoona wateja wanapotea, niliamua kumwokoa mke wangu kwa njia ya haki. Nilifikiri hivi: Nchiru nzima ikisahihishwa sawasawa, ile tatu ya Mama Kinya itang'aa. Kwa siku mbili nilisahihisha biashara arobaini na tatu. Kinyozi Mutegi nilimpa mbili, maana hunyoa huku akitazama barabara. Mwenye duka la mbolea alistahili moja na nusu, ila simu yenu haijui nusu, nikampa moja. Badala ya kunishukuru mliniandikia kwamba nimeonyesha "mwenendo usio wa kawaida" mkafunga akaunti yangu. Mwenendo! Mimi, niliyekuwa mwalimu wa nidhamu miaka kumi na sita!

6. Mficha uchi hazai, kwa hiyo nitasema na hili. Mama Kinya hakugombana nami. Afadhali angegombana. Tangu Winrose amsomee yale maoni, ananiita "mteja." Karibu mteja. Mteja, umeshiba? Na kikombe changu cha chai hakijai. Wiki ya kwanza nilidhani ni macho yangu. Wiki ya pili nilileta rula. Kikombe kina kina cha sentimita kumi, na chai inafika sita. Msimamizi, hiyo ni tatu kwa tano, bila kosa lolote la hesabu. Mwanamke huyu hakusoma ualimu, lakini ananisahihisha kwa mwongozo wangu mwenyewe.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo. Mtu yeyote asiguse nyota kabla ya kufanya mtihani wa ufahamu na kupita. Wazazi wasisahihishe watoto wao. Nyota zote zilizokwisha kutolewa, kuanzia hapa Nchiru hadi Ishiara, zifutwe, na kila hoteli, kinyozi na duka la dawa lifanye mtihani upya siku moja, saa moja, simu zikiwa zimekusanywa mlangoni. Wasimamizi watoke Embu, maana sisi wa Meru tunajuana mno. Atakayepata chini ya mbili alete mzazi. Mwisho, na hili ndilo kubwa, ile nyota ya tano iondolewe kwenye simu zote aachiwe Mungu mwenye nayo. Mkikosa mtahini mkuu, mimi nipo, na kalamu nyekundu ninayo.

Nisalimie wote hapo ofisini, pamoja na yule aliyenifungia akaunti, kwani huenda nilimfundisha. Mwambie sina kinyongo, ila ajitahidi.

Ni mimi, ninayesubiri majibu kwa unadhifu na kwa wakati,
Mwalimu Kailemia.

N.B. Nilikuwa nimemwita Winrose aipige picha barua hii awatumie, nikasimama kwenye mlango wa jikoni kumngoja. Mama Kinya yuko mbele ya jiko, ameshika kifuniko cha sufuria. Anakiweka juu ya kila chapati, anazungusha kisu, anakata kingo ili iwe mviringo kamili. Vile vipande vinavyobaki anavila yeye, akiwa amesimama. Hajaniona.

Chapati hizo hizo, na pembe zake, ndizo zilizomsomesha Kinya. Nimezila miaka thelathini na moja na sijawahi kurudisha hata moja kwenye sahani. Nimeona aibu, Msimamizi. Malalamiko yote yaliyo hapo juu yatupeni, hata kile kipengele nilichokwisha kukifuta. Nawaomba kitu kimoja tu: nifungulieni akaunti kwa dakika moja, nibadilishe ile tatu niweke tano. Ile ya tano nilikuwa namwekea Mungu, lakini nikifikiria vizuri, Mungu hana hoteli hapa Nchiru. Fanyeni haraka tafadhali. Amebakisha chapati sita za kukata.