Mzamiaji wa Tangi la Zege

Jumatatu, 3 Machi

Mwaka mmoja, miezi saba na siku nne tangu niondoke nyumbani. Leo msimamizi ametia saini likizo yangu. Siku kumi, kuanzia Alhamisi ya tarehe 20. Naandika ili kesho nisidhani niliota.

Kuna jambo lazima nilieleze. Nyumbani wanajua mimi ni mzamiaji. Mwezi wangu wa kwanza hapa kazini nilimwambia Mama Kasuku kwenye simu kwamba tunajenga daraja, na mimi ndiye ninayeshuka chini ya maji kukagua nguzo, bila mtungi wa hewa, kwa pumzi zangu tu. Siku hiyo nilikuwa nimebeba zege tangu alfajiri. Nilitaka kuwa mtu mwingine kidogo. Kweli yenyewe ni kwamba tunajenga jengo la ofisi, na bahari iko mbali.

Shida ni binti yetu. Tunamwita Kasuku kwa sababu neno halimkai tumboni. Ameshaliambia darasa zima. Mwalimu wake anataka nije siku ya wazazi, Jumamosi ya tarehe 29, niwaeleze watoto kazi yangu. Nimekubali.

Mpango: siku nne kisiwani, nijifunze kuzama kweli, nipigwe picha nikiwa chini. Kisha nyumbani. Uongo hautakuwa uongo tena, utakuwa habari iliyotangulia.

Jumatano, 5 Machi

Nimempigia mwalimu wa mbizi. Tangazo lake nililichana gazetini kwa kinyozi. Anasema kisiwa ni kidogo, nyumba tisa na kisima kimoja, na mashua huenda Ijumaa tu, hurudi Jumanne. Akauliza naweza kuzuia pumzi muda gani. Nikasema dakika tatu. Akauliza kama najua kuogelea. Nikasema simu inakatika. Akanionya nisijaribu majini nikiwa peke yangu. Hilo nililisikia vizuri.

Jioni nimejaribu kitandani. Sekunde thelathini na moja. Aliyehesabu ni Winchi, ninayelala naye chumba kimoja. Tunamwita hivyo kwa kuwa ndiye mwendesha winchi. Kijiji chao kinapakana na chetu. Mchana kutwa yuko juu ya kichwa changu mita arobaini, usiku mimi ndiye ninayelala kitanda cha juu. Ndiyo haki pekee iliyopo hapa.

Akaniambia, kaka, kwa sekunde hizo samaki utakayemwona labda aliyekwisha kukaangwa. Bado nilikuwa nahema.

Jumapili, 9 Machi

Nimepata pa kufanyia mazoezi. Kazi yangu ni hii: kila zege linapomwagwa, tunajaza kiasi kwenye visanduku na kutoa michemraba, mizito kama mtoto wa mwaka mmoja. Naiandika namba kwa kalamu ya nta, naizamisha kwenye tangi siku ishirini na nane, kisha mashine inaivunja kuona kama nguzo itabeba jengo. Tangi linanifika kifuani. Ufunguo wa banda ninao mimi.

Nimeingia saa ya chakula. Tatizo, mwili unaelea. Sikujua nina wepesi wa namna hii. Nyumbani hawakuwahi kuusema.

Jumanne, 11 Machi

Nimepata dawa ya kuelea. Nalala chini kifudifudi nikiwa nimekumbatia mchemraba. Leo sekunde hamsini na mbili! Nikichoka na mmoja nachukua mwingine, maana pembe zinachoma mbavu.

Uso unawaka. Maji yale yamekunywa saruji, ngozi ya pua imeanza kutoka. Winchi ameuliza kama nimegombana na pasi. Nikasema ni jua. Akasema jua la wapi, kaka, la bandani?

Alhamisi, 13 Machi

Siku mbaya. Naiandika polepole.

Leo ilikuwa zamu ya kuvunja michemraba ya nguzo za ghorofa ya tatu. Msimamizi akaja mwenyewe. Akatoa wa kwanza, hauna namba. Wa pili, hauna. Kumi na miwili, yote myeupe kama mayai. Akaniuliza namba zimekwenda wapi. Nikasema labda maji. Akasema miaka ishirini hajaona maji yakifuta nta. Kisha akawa ananitazama fulana.

Namba zilikuwa kwangu, nta imehamia kwenye fulana. Tumboni, kifuani, moja karibu na kwapa. Zote zimegeuka kinyume. Msimamizi ameagiza kioo cha chooni kiletwe ili azisome. Nilisimama mbele ya mafundi wote, nimeinua mikono, mhandisi akinakili tumbo langu kwenye daftari. Wakapata namba zote. Ila tumbo halikuweza kusema namba ipi ni ya mchemraba upi.

Ghorofa ya tatu imesimamishwa. Saruji na kokoto za siku ile zilibaki kidogo, nimechanganya upya kwa kipimo kile kile na kutengeneza michemraba mipya. Siku ishirini na nane. Msimamizi hakupaza sauti. Alisema likizo yangu itaanza tangi litakapofunguliwa, tarehe 10 Aprili, na kwamba ufunguo atakaa nao yeye.

Jumatano, 19 Machi

Nafasi yangu ya likizo amepewa Winchi. Anaondoka kesho. Nimempa viatu vya shule vya Kasuku apeleke, nikamwapisha asiseme lolote kuhusu tangi. Akaapa kwa afya ya mama yake. Alipokwisha kulala nikakumbuka kwamba mama yake tulimzika mwaka juzi.

Jumapili, 30 Machi

Mama Kasuku amepiga. Viatu vimefika. Havikumtosha. Nilinunua vya mguu niliouacha.

Winchi hakusema neno, kiapo amekitunza. Hapakuwa na la kusema. Mama Kasuku anajua tangu mwezi ule wa kwanza. Nilituma picha, na kwenye nyusi palikuwa na saruji. Nikamuuliza mbona alinyamaza. Akasema nilipokuwa nasimulia maji nilisikika kama mtu aliyekula akashiba, hakutaka kunikatiza.

Jana Kasuku alisimama langoni mwa shule mpaka kengele ilipolia. Winchi alikuja kuona watoto wa dada yake. Akamshika mkono, akaingia naye darasani, akaeleza kazi ya winchi. Watoto walipiga makofi.

Mama Kasuku akasema, Baba Kasuku, njoo na saruji yako hivyo hivyo. Mtoto anauliza baba, haulizi samaki.

Nilizuia pumzi bila kukusudia. Nadhani ilipita dakika.

Kisha Kasuku akanyakua simu. Sauti imekua. Akauliza kama na mimi huwa naendesha winchi, kama yule mjomba.

Nikasema ndiyo. Kubwa kuliko yake. Imesimama katikati ya bahari, na kuipanda lazima kwanza uzame.

Nikamsikia mama yake akivuta pumzi ndefu.

Kwa hiyo sasa ni viwili vya kujifunza. Tangi linafunguliwa tarehe 10. Ijumaa ya tarehe 11 mashua, siku nne kisiwani, na huko njiani nitatafuta mtu wa kunifundisha winchi. Nitafika nyumbani Alhamisi, tarehe 17 Aprili. Winchi ikiwa ngumu, tarehe 19, siku ya mwisho ya likizo.