Kikasha cha Nyuma ya Maktaba

Jumatatu, 9 Machi
Mke wangu amekolewa na mchezo wa kusaka vikasha. Wa kulaumiwa ni kaka yake. Shemeji, aliyestaafu kazi ya posta, ndiye aliyemfundisha. Mtu anaficha kikasha, anaweka tarakimu za mahali hapo kwenye programu ya simu, wengine wanakitafuta. Anayekipata anaandika jina kwenye kidaftari kilichomo na kukirudisha. Basi. Zawadi hakuna. Nikamuuliza mke wangu faida yake nini. Akasema faida ni kutembea na mtu asiyeeleza mvua inavyotokea. Sikuelewa alimlenga nani.

Jumamosi zote sasa ni za kaka yake. Nimeomba niende naye mimi. Amekubali, kwa sharti: kabla ya Jumamosi nipate kikasha kimoja peke yangu. Hataki kwenda na mtu anayejifunza kwa kumfundisha yeye.

Nimefundisha jiografia hadi nimezeeka. Kikasha kimoja si kitu.

Jumanne, 10 Machi
Je, kifaa maalumu kinahitajika? Hapana, simu inatosha. (Wanafunzi huuliza hivi kila mara, ndiyo maana nimejiuliza.) Nimechagua kikasha cha nyuma ya maktaba, kimeandikwa "rahisi". Simu ikaniongoza hadi katikati ya maua, ikatangaza nimefika. Sikuona kitu. Nikaanza kuchimba kwa ufunguo wa nyumba. Mlinzi akaja kuuliza nimepoteza nini. Nikamjibu sijapoteza, natafuta. Akasema kama sijapoteza, basi natafuta cha nani. Nikamweleza satelaiti zinavyofanya kazi. Alisikiliza vizuri tu, ila alisimama muda wote kati yangu na maua.

Jioni Shemeji kanipigia. Kumbe kashaambiwa na dada yake. Akanieleza polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa, kwamba vikasha havizikwi kamwe. Tena simu hukosea kwa hatua kadhaa. Ukikaribia, itie mfukoni utumie macho. Nikamshukuru. Akauliza maua yanaendeleaje. Hana adabu yule.

Alhamisi, 12 Machi
Nimekipata!

Kidokezo kwenye programu kilisema: chuma hupenda chuma. Nikatafakari asubuhi nzima juu ya madini na asili yake. Nikachoka, nikaegemea reli ya ngazi, vidole vikagusa kikopo kilichonata chini yake kwa sumaku. Ndani mna kidaftari, penseli, kifungo cha shati na kigari cha plastiki. Kanuni inasema ukichukua kitu, uache kingine cha thamani ileile. Sikuchukua kitu chochote humo.

Nilichukua kikasha chenyewe. Kimeshika kutu, mvua inakuja, na mke wangu atataka ushahidi. Baada ya chakula nikakisahihisha kidaftari kwa wino mwekundu. Watu wanaandika "tumefika" bila hata tarehe. Shemeji nimempa tatu kwa kumi: "Mwandiko wa kuku. Jitahidi."

Ijumaa, 13 Machi
Programu imejaa vilio. Kikasha cha maktaba kimeibwa, wanasema. Mmoja kamleta mama yake mgonjwa wa magoti hadi pale, wakarudi mikono mitupu. Nilikuwa nawaandikia jibu lenye utangulizi mke wangu alipokiona mezani, kando ya kalamu nyekundu.

"Mwalimu," akasema, "ukikipata unakiacha. Hicho ndicho kipimo."

Nikasema hoja hiyo ina utata. Akasema haina, na kwamba kesho anakwenda na kaka yake. Nikauliza kama kimehesabika hata kidogo. Akaenda kulala.

Jumamosi, 14 Machi
Nimekirudisha mapema, chini ya reli ileile. Mlinzi kaniamkia, "Shikamoo, Mzee wa Maua." Kwa kuwahurumia wanaoanza, nikachora mshale mkubwa kwa chaki ukutani.

Mke wangu karudi kanuna. Wamekiona hata kabla ya kushuka kwenye baiskeli. Alitaka kutafuta, si kuonyeshwa. Shemeji kasoma alama yake, kacheka mpaka kakaa kwenye ngazi, na ameomba kurudia mtihani.

Baadaye akapoa. Akasema kaka yake hupata kila kitu na hasemi neno njia nzima. Hata maelezo yangu ya mvua aliyakumbuka kidogo. Basi ananipa nafasi ya mwisho. Nifiche kikasha mimi, akitafute yeye. Akikipata, Jumamosi ijayo na zote zinazofuata ni zangu.

Jumapili, 15 Machi
Kimefichwa. Nimetumia kopo la majani ya chai, maji hayapenyi. Mshale sikuchora, somo hilo limeniingia. Tarakimu sikuziweka kwenye programu, maana simu hukosea. Badala yake nimeandika maelekezo kamili, kurasa kadhaa, pamoja na ramani yenye skeli, kuanzia mlangoni kwetu hadi penyewe. Hata mtoto hawezi kupotea.

Mke wangu kavaa viatu vyake vya kutembelea, yuko mlangoni, anauliza aanzie wapi. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, kila kitu kimeelezwa humo.

Akauliza humo wapi.

Ndani ya kopo, nimemwambia, yasije yakalowa.